Kwikwi ya Picha kwenye Skrini Mbili



Wapendwa Taifa la Mungu, tafakari yetu ya juma hili haitoki kwenye masomo ya Dominika wala kwenye barua ya Askofu. Inatoka ndani ya kompyuta ya parokia. Tunajua wapo watakaoshangaa, na wengine watauliza kama Padre amekosa la kuhubiri. Lakini kwa majuma kadhaa sasa tumeulizwa jambo moja na makatekista wa vigango, na viongozi wa vijana, na hata mwalimu mmoja wa sekondari: kwa nini video iliyo safi kabisa inapotazamwa kwenye kompyuta peke yake huanza kukwamakwama mara tu projekta inapounganishwa? Swali hilo lina jibu. Na katika kulitafuta jibu hilo tumejifunza jambo kuhusu matumizi ya fedha za waamini, na kuhusu namna ya kumhudumia mtu aliyeketi mbele yetu.

Tulieleze tukio lenyewe. Baba Mtakatifu Francisko alifariki dunia Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025. Misa ya mazishi yake iliadhimishwa katika Uwanja wa Mtakatifu Petro Jumamosi tarehe 26 Aprili, ikiongozwa na Kardinali Giovanni Battista Re, kisha mwili wake ukapelekwa kuzikwa katika Kanisa Kuu la Bikira Maria Mkuu, Roma. Wengi wetu huku Ruanda tulifuatilia kwa redio. Baadaye vijana wa parokia walipata nakala ya video ya Misa hiyo, ya ubora wa juu, nasi tukatangaza kwamba ingeonyeshwa ukumbini Dominika alasiri, hasa kwa ajili ya wazee ambao nyumbani hawana televisheni. Watu wakaja, wengine kutoka vigango vya mbali, wakishuka na kupanda vilima vyetu. Kompyuta ikawekwa mezani, projekta ikaunganishwa kwa waya, nuru ikagonga ukuta. Sauti ilitoka vizuri. Picha ilitoka na kwikwi. Jeneza lilipobebwa, wabebaji walipiga hatua moja, wakasimama kama waliogandishwa, kisha wakaruka hatua tatu mbele. Bibi mmoja aliyeketi mstari wa kwanza, rozari mkononi, akatuuliza kwa upole: “Baba, mbona wanachechemea? Wamechoka?”

Watoto walicheka. Tulimjibu bibi kwamba iliyochoka ni mashine, si wabebaji, naye akatikisa kichwa akaendelea kusali. Lakini swali lake lilibaki nasi. Bibi yule hakuja kutazama sinema. Alikuja kumzika Baba yake katika imani, kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Siku chache baadaye fundi mmoja wa mjini alitushauri kwamba kompyuta imezeeka, tununue nyingine. Hoja hiyo ikafika kwenye kikao cha Halmashauri ya Walei na wajumbe wengi wakaiunga mkono. Fedha zilikuwepo. Ni zile zilizotolewa na waamini baada ya mauzo ya kahawa ya msimu uliopita, nazo zilikuwa zikingojea mabati ya kanisa la kigango kimoja. Mabati yangeweza kusubiri, wakasema, kwani mvua za masika zilikuwa zinakwisha. Tuliomba siku saba kabla ya kuamua. Bwana wetu alisimulia habari za mtu anayetaka kujenga mnara, akasisitiza kwamba mwenye busara huketi kwanza na kupiga hesabu (Lk 14:28). Sisi tuliona kwamba kabla ya kupiga hesabu ya bei ya mashine mpya, yafaa tupige hesabu ya kazi anayofanya mtumishi huyu wa zamani, tujue amelemewa na nini.

Video ni picha nyingi zisizotembea, zinazopishana upesi kiasi kwamba jicho linaamini zinatembea. Picha moja ya ubora wa juu kamili ina nukta 1,920 kwa upana na nukta 1,080 kwa kimo, jumla nukta 2,073,600. Zikipita picha 25 kila sekunde, kompyuta hulazimika kuandaa nukta zaidi ya milioni 51 kwa sekunde moja. Tena picha hizo hazikai ndani ya faili zikiwa zimenyooshwa. Zimekunjwa na kubanwa, kama kanzu na kasula ndani ya sanduku la safari. Faili nyingi zimekunjwa kwa kanuni iitwayo H.264, iliyokubaliwa mwaka 2003, na nyingine kwa H.265 ya mwaka 2013, ambayo hubana zaidi na hudai nguvu nyingi zaidi wakati wa kukunjua. Kwa kila picha kompyuta ina milisekunde 40 tu za kuikunjua na kuifikisha kwenye skrini. Ikichelewa, hairuhusiwi kusimama, maana sauti haingojei. Huiacha picha iliyochelewa na kuikimbilia inayofuata. Hapo ndipo mbeba jeneza anaporuka hatua tatu.

Sasa, skrini ya pili inaleta nini? Skrini mbili zinaweza kutumika kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kurudufu: kinachoonekana kwenye kompyuta ndicho kinachoonekana ukutani. Namna ya pili ni kutandaza: ukuta unakuwa kama meza ya pili iliyosogezwa kando ya meza ya kwanza, na kila moja ina vitu vyake. Kwa vyovyote vile, mashine ile ile sasa inachora pande mbili. Na kila skrini ina mapigo yake. Moja huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, nyingine mara 50, nyingine mara 75. Mapigo yasipolingana, picha iliyowahi kwa mmoja humfikia mwingine kwa kuchelewa. Fikirini kwaya mbili zikiimba wimbo mmoja kanisani, kila moja ikimtazama mwalimu wake, na kila mwalimu akipiga mkono kwa mwendo wake. Waimbaji wote ni hodari, na bado wimbo unaharibika.

Tatizo hili si geni. Wakati wa Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, kompyuta nyingi zilikuwa na njia moja tu ya mkato ya kupitishia video, na njia hiyo ilihudumia skrini moja. Mtu akiivuta video kwenda skrini ya pili, aliambulia picha nzito yenye kukwama, au mraba mweusi mtupu. Mashine za leo zimeendelea sana, lakini desturi ile ya kugawanya nguvu haijatoweka.

Jumatatu usiku tuliketi na kijana mmoja mwenye subira, tukaweka kanuni moja: kubadilisha jambo moja tu kila mara, kisha kutazama. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wachunguze mambo yote kabla ya kushika lolote (1 Thes 5:21), na mapadre wote tumefundishwa seminarini kwamba dhamiri haichunguzwi kwa jumla, bali jambo kwa jambo. Anayesema kwa kifupi kwamba yeye ni mkosefu bado hajaanza kuungama. Vivyo hivyo, anayesema kwamba kompyuta ni mbovu bado hajaanza kuitengeneza.

Tulianza kwa kuchomoa projekta. Video ikatiririka bila kasoro. Kwa hiyo faili haikuwa na hitilafu, na mashine ilikuwa na uwezo wa kuikunjua. Kisha tukaunganisha projekta na kuzima skrini ya kompyuta yenyewe, kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P na kuchagua skrini ya pili peke yake. Picha ikaenda vizuri pia. Tukawasha zote mbili, na kwikwi ikarudi. Hapo tulijua kwamba mashine ilikuwa na nguvu ya kutosha kwa skrini yoyote moja, na kwamba ilizidiwa pale tu ilipozihudumia zote mbili.

Tukafungua dirisha linaloonyesha kazi za mashine. Prosesa, yaani mtumishi mkuu wa kompyuta, ilikuwa imelemewa kabisa, huku sehemu ya grafiki, iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi ya picha, ikiwa karibu haina kazi. Programu tuliyoitumia ni VLC, ambayo ilianzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris nchini Ufaransa mwaka 1996, na tangu mwaka 2001 hutolewa kwa leseni huria, bila malipo. Ndani ya mipangilio yake kuna kipengele cha kuikabidhi grafiki kazi ya kukunjua video. Kilikuwa kimezimwa. Tukakiwasha, na mzigo wa prosesa ukashuka mara moja. Kwikwi ikapungua sana, lakini haikwisha. Sasa ilikuja kwa vipindi, kama pigo la ngoma. Hiyo ikatukumbusha mapigo ya skrini. Kompyuta ilikuwa kwenye 60, projekta kwenye 50. Tukaiweka projekta kwenye 60, na picha ikatulia.

Tulidhani tumemaliza. Baada ya nusu saa hivi, mashine ikawa ya moto, na kwikwi ikarudi. Wapendwa, ninyi mnaijua barabara yetu, na malori yanayobeba makaa ya mawe ya Ngaka yanavyoitimua kiangazi. Vumbi lile halichagui mapafu wala feni. Kompyuta ikipata joto kupita kiasi hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Kijana alifungua kifuniko cha chini na kusafisha feni kwa brashi laini, akatoa donge la vumbi lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Baada ya hapo tulitazama Misa yote, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama.

Wapo waliotushauri kuongeza akiba, yaani ile sehemu ya kumbukumbu ambamo programu huweka kipande cha video kabla ya kukionyesha. Ushauri huo ni mzuri mahali pake. Kwa kueleza mahali hapo hatuna mfano bora kuliko ngolo za Wamatengo. Mababu walilaza nyasi zilizofyekwa kwa mistari inayokatana juu ya mteremko, wakachimba katikati na kuzifunika kwa udongo, hadi mlima mzima ukawa na mashimo na matuta. Mvua inapokuja kwa kishindo, maji hutulia shimoni, huzama polepole, na udongo haukimbilii bondeni. Akiba ya video hufanya kazi hiyo: kama faili inasomwa kutoka kwenye flashi iliyo nzito, mara haraka, mara polepole, shimo la akiba husawazisha mwendo. Lakini ngolo huokoa shamba dhidi ya mvua inayokuja kwa vipindi. Maji yakizidi usiku na mchana, shimo hujaa na kufurika. Kama prosesa imelemewa saa zote, akiba huahirisha kwikwi kwa sekunde chache tu. Ndiyo maana ilitupasa kujua ugonjwa kabla ya kuchagua dawa.

Kwa ajili ya vigango vyenye shida kama yetu, tunaweka hapa utaratibu tulioufuata, kuanzia lililo rahisi zaidi:

1. Unganisheni kompyuta na umeme. Ikitegemea betri, mashine nyingi hupunguza nguvu zake.
2. Nakilini video kutoka kwenye flashi kwenda ndani ya kompyuta, na mfunge programu zote zisizohitajika.
3. Jaribuni skrini moja moja, kisha zote mbili. Jibu la jaribio hili litawaonyesha pa kutafuta.
4. Mkitumia mtindo wa kutandaza, iwekeni video nzima ndani ya skrini moja. Isilazwe nusu huku na nusu kule.
5. Washeni kipengele cha kuikabidhi grafiki kazi ya kukunjua video.
6. Linganisheni mapigo ya skrini zote mbili.
7. Safisheni feni, na msiiweke kompyuta juu ya kitambaa cha meza kinachoziba matundu yake ya hewa.
8. Yote yakishindikana, zimeni skrini ya kompyuta na kuacha projekta peke yake. Mwonyeshaji atakosa kuona mbele yake, lakini watu wataona.

Namba nane ndiyo iliyotufikirisha zaidi, kwa sababu inauliza swali la wazi: ile skrini ya kwanza ilikuwa inamhudumia nani? Ukumbini wote walitazama ukuta. Skrini ndogo iliyogeukia upande wetu ilikuwa ikila nguvu za mashine ili sisi tunaosimamia tuone vizuri. Hatusemi kwamba ni vibaya msimamizi kuona. Lakini pale ambapo nguvu hazitoshi wote wawili, anayepaswa kupata kwanza ni yule aliyealikwa. Je, hali si hiyo hiyo katika mikutano yetu, ambamo muda mrefu unaisha katika kutambulishana na kupongezana viongozi, na wagonjwa wanaosubiri kutembelewa wanaambulia dakika za mwisho?

Kulikuwa na jambo la pili. Tulisoma kijitabu cha projekta yetu na kugundua kwamba uwezo wake wa asili ni nukta 1,024 kwa 768. Video iliyo pana hutumia kwenye projekta hiyo nukta 1,024 kwa 576 tu, jumla 589,824. Hiyo ni chini ya theluthi moja ya zile 2,073,600 ambazo kompyuta ilikuwa ikijitaabisha kuziandaa. Zaidi ya theluthi mbili za jasho lake hazikufika ukutani. Basi kwa ajili ya vigango tulitengeneza nakala ndogo zaidi, ya nukta 1,280 kwa 720, kwa programu ya bure iitwayo HandBrake. Kazi ilichukua saa kadhaa, mashine ikifanya peke yake usiku. Kwa projekta kama yetu, hakuna jicho linaloweza kuona tofauti ya maana, na kompyuta kuukuu ya kigango inaionyesha bila shida.

Mwinjili Marko anatuambia kwamba Yesu aliwafundisha watu kwa mifano kwa kadiri walivyoweza kupokea (Mk 4:33). Mwana wa Mungu, aliyekuwa na yote ya kusema, alipima uwezo wa masikio yaliyomsikiliza. Habari Njema haikupungua kwa kufanya hivyo. Ilifika. Sisi mapadre tunaotoka seminarini na sanduku la falsafa na teolojia, na ninyi wazazi mnaotaka mtoto wa darasa la tatu aelewe yote kwa siku moja, na ninyi makatekista mnaofundisha watoto wa Komunyo ya kwanza kwa maneno ya watoto wa Kipaimara, tuupime ukuta kabla ya kuumwagia nuru. Kupunguza kwa namna hii ni tendo la heshima kwa anayepokea.

Nakala ya kwanza ilionyeshwa tena Dominika iliyofuata, bila kwikwi. Halmashauri ya Walei nayo ilikutana, ikasikiliza maelezo, na kuamua kwamba fedha za kahawa ziende kwenye mabati kama waamini walivyoahidiwa. Kompyuta mpya itanunuliwa siku yake ikifika. Kila mashine hufa. Lakini mtu anayetoa sehemu ya mauzo ya debe lake la kahawa kwa ajili ya paa la kanisa anastahili kuliona paa hilo, na hakuna kinachoharibu imani ya watu kwa viongozi wao haraka kama fedha iliyobadilishiwa njia bila sababu iliyochunguzwa.

Tumalizie kwa neno kuhusu picha yenyewe. Mwaka 1958 Papa Pio XII alimtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi, aliyefariki mwaka 1253, kuwa msimamizi wa televisheni. Sababu yake inasimuliwa hivi: Usiku mmoja wa Noeli Klara alikuwa mgonjwa kitandani, hawezi kwenda kanisani na masista wenzake, naye akajaliwa kusikia na kuona ibada iliyokuwa ikiadhimishwa mbali na chumba chake. Tuzingatie aliyejaliwa: ni mgonjwa, ambaye moyo wake ulikuwa tayari kanisani kabla ya macho yake. Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Inter Mirifica, ukivitambua vyombo vya mawasiliano kuwa zawadi inayopaswa kutumiwa vema. Video ya Misa haichukui nafasi ya Misa kwa mtu mwenye miguu mizima na kanisa lililo karibu. Lakini kwa asiyeweza kufika, inaweza kuwa dirisha, nasi tunaolishika dirisha hilo tuna wajibu wa kulifuta vumbi.

Kwa juma hili, tunawaomba kila Jumuiya Ndogo Ndogo iulizane mambo mawili. Kwanza: katika shughuli zetu, ni ipi ile skrini inayotuhudumia sisi wenyewe huku ikila nguvu za waliokuja kuhudumiwa? Pili: ni nani kati ya wazee na wagonjwa wetu hajatembelewa tangu Pasaka? Leteni majibu Dominika, na majina ya wagonjwa hao yaandikwe wazi, ili tuwapelekee Komunyo Takatifu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mtakatifu Klara atuombee. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.